Mfuniko wa Petroli kwenye Pindo la Mama

Sisi tuliokulia Lindi wakati wa Mwingereza tulilelewa katikati ya mambo ambayo watu wazima wenyewe hawakuyaelewa, na wala hawakuona haya. Asubuhi chuoni kwa maalimu, alasiri rede na mdako pale Rasbura, mihogo ya kuchoma na kipande cha pweza ukibahatika. Ukiuliza swali unaambiwa, "Nyamaza, kula." Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, kwa hiyo nilikula sana.

Mtaani kwetu gari lilikuwa moja tu, la baba yangu. Baba alikuwa fundi cherehani, na mpaka leo sijui fundi cherehani alitaka gari la nini. Alilinunua kwa mzungu mmoja wa mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa jeusi, linawashwa kwa hendeli ya kuzungusha kwa mbele, na linavuja kila pahala. Oili ilidondoka chini ya injini, maji yalitoka kwenye rejeta, petroli ikachuruzika kwenye tangi. Ukitaka kujua baba kaenda wapi, ulifuata matone. "Mzungu kakuuzia chujio," mama alimwambia, na baba akajifanya anatunga uzi.

Fundi wa magari hatukuwa naye. Tuliyekuwa naye ni Baba Mdogo Hamisi, mdogo wake baba, aliyekuwa akiziba majahazi pwani. Alisokota pamba, akaichovya kwenye sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hata ukiyafikiria tu, kisha akaigongomea kati ya mbao mpaka maji yasipite. Hiyo ndiyo kalafati, na kwake yeye kuvuja ni kuvuja, kuwe kwa jahazi au kwa gari. Basi alilala chini ya lile gari na nyundo yake ya mti, akaziba chini ya injini, akabandika sabuni ya mche kwenye ufa wa tangi, akazunguka akitafuta tundu jingine. Hata kwenye mfuniko wa petroli alikaona katundu kadogo, akakashindilia pamba.

"Hako nako kanavuja?" baba aliuliza.

"Chombo unakiachia tundu wewe?" Baba Mdogo alimjibu. Tukasoma fatiha, kama wanavyofanya chombo kikishushwa majini, tukagawiwa tende. Gari likanuka papa mtaa mzima, lakini chini pakawa pakavu. Tulijiona tumepata.

Siku chache baadaye akaja muuza samaki kutoka Mchinga na habari kwamba bibi, mama yake mama, hali chakula tena na anamtaja mwanawe. Mama hakulia. Alijitanda kanga, akaingia kwenye gari, akakaa. Baba akaacha suruali ya mtu kwenye cherehani, Baba Mdogo akarukia nyuma, nami nikabanwa katikati.

Mwanzo tulikwenda vizuri. Kisha gari likakohoa na kuzima. Baba akapiga hendeli mpaka shati likalowa, wapi. Akafungua boneti, akaangalia, akafunga. Baba Mdogo akasema huenda petroli imekwisha, akafungua mfuniko wa tangi. Tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akachovya kijiti: petroli tele. Akafunga. Hendeli mara moja tu, gari likanguruma.

Tulishangilia, hatukufika mbali, likazima tena. Fungua, fyuuu, kijiti, funga, hendeli, twende. Na tena. Baba akasema petroli ina maji. Baba Mdogo akasema gari la mzungu halijazoea fatiha. Akapita mzee mmoja na jembe begani, tukamwamkia shikamoo, akasema marahaba, akatuambia njia ile ina wenyewe na hawapendi harufu ya papa. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na gari lilizima kwa wote. Mimi nilichanganyikiwa zaidi kwa kuwaona wao hawajui. Nilikuwa nikidhani mtu mzima anajua, ila anakataa kusema.

Jua lilikuwa limeshapinda. Gari lilipozima kwa mara nyingine akashuka mwenyewe.

"Nipe hicho kifuniko."

"Mke wangu, petroli itamwagika..."

"Nipe! Mama yangu anakata roho, nyinyi mnafungua na kufunga, mnafungua na kufunga. Hakuna anayejua kitu hapa!"

Akachana kipande cha kanga yake, akafunga nacho mdomo wa tangi. Mfuniko akaufundika kwenye pindo, akakaa ameushika kwa mikono miwili, akisoma kimoyomoyo. Baba akapiga hendeli.

Gari halikuzima tena mpaka Mchinga.

Bibi alikuwa hai. Mama alipiga magoti, bibi akamshika uso, akanusa.

"Mmekuja na chombo gani?"

"Na gari, mama."

"Gari gani linanuka jahazi?" Akacheka, na kucheka kulimletea kikohozi, na bado akacheka. Walikaa wameshikana mikono. Alfajiri akatutoka.

Mama aliamini mpaka anakufa kwamba ni dua yake iliyotufikisha, na mfuniko ule aliuweka kwenye kasha pamoja na ubani. Juzi nilimsimulia mjukuu wangu, kijana asiyeweza kufika sokoni bila simu kumwonyesha njia, akaangua kicheko. "Bibi, mliziba tundu la hewa! Petroli haishuki tangi likikosa hewa, na kanga inapitisha hewa." Nikamwambia sawa. Lakini mama hakujua habari za hewa, basi kwa nini mkono wake ulikwenda kwenye mfuniko na si kwingine? Mjukuu aliniambia ninywe chai.

Gari lake yeye likiumwa linawasha taa, na fundi anakuja na kompyuta. Hakuna ubishi njiani, hakuna mzee wa jembe. Njia ya Mchinga siku hizi ni lami tupu, tunafika kabla mazungumzo hayajakolea, na gari halinuki kitu. Aliponipeleka mara ya mwisho nilishuka mlangoni kwa bibi, pale palipokuwa mlango, nikasimama. Nilikuwa na jibu zuri kabisa, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza tumekuja na chombo gani.