Ukoko wa Shaba

Msimu ule mume wangu alikosa kila nguruwe pori aliyemlenga, na Balangdalalu nzima ilijua kabla yangu. Mimi niliambiwa kisimani. Jirani yangu alitua ndoo, akanipa pole kwa sauti ya chini, nikadhani kuna msiba. "Mahindi yangu yameliwa tena," akasema. "Na mzee wako alikuwepo. Akapiga, wenyewe wakaendelea kula." Alisema kwa upole kabisa, ndiyo maana iliniuma.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na sisi tukiulizwa tunatoka wapi, ulimi ulikimbilia Arusha, mkoa wetu wa zamani. Mashamba makubwa ya ngano kule upande wa Basotu yalikuwa yamebadilisha wenyewe, na walinzi wa zamani wakaambiwa asanteni. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani na baiskeli, koti la mvua, na bunduki yake mwenyewe yenye kibali. Kijiji kikafurahi. Nguruwe walikuwa wakipanda kutoka korongoni jua likienda kuzama, wanaangusha mahindi kana kwamba waliyapanda wao, na sasa kulikuwa na mtu wa kuwazuia. Kwa miaka kadhaa aliwazuia kweli. Alisalimiwa hata na watu wasiokuwa na shamba.

Mimi na hiyo bunduki hatukupendana. Ilikaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, chini ya kitanda, upande wangu. Kila Jumamosi ilitolewa ikahudumiwa. Sufuria yangu ndogo ilichukuliwa bila kuombwa, mafuta ya mkia wa kondoo yakayeyushwa, na mume wangu akayasukuma ndani ya mtutu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ufito wa chuma, huku akiimba nyimbo za kanisani. Kwetu mafuta ya kondoo hayakosi kazi. Tunampaka mtoto mchanga, tunalainisha ngozi, tunakanda mguu ulioteguka. Yeye akaona bunduki nayo ni mtu wa nyumbani. Mtutu uling'aa mdomoni, na yeye akaridhika.

Alipoanza kukosa, aliacha kuimba. Hakulaumu bunduki hata siku moja. Angeilaumuje na alikuwa akiitunza kuliko mbuzi wake? Alilaumu macho. Baba yake mzazi aliishiwa nuru akiwa na umri kama ule, akawa anashikwa mkono kwenda msalani, na mume wangu ndiye aliyekuwa akimshika. Nilimwambia apande basi aende hospitali ya Haydom akapimwe, mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba macho yake si maradhi, ni urithi. Nikamwambia basi urithi huo nao ukapimwe. Akachukua jembe akatoka.

Asubuhi moja akiwa na kikombe cha uji mkononi akanitangazia: "Mama, Ijumaa naenda Katesh. Naikabidhi bunduki polisi. Mtu asiyeona asitembee na bunduki."

Ningepaswa kuchinja kuku. Miaka yote nilikuwa nikiomba hilo sanduku litoke chini ya kitanda changu. Lakini nilimtazama akinywa ule uji, mabega yameshuka, na moyo wangu ukavunjika. Nilijua bunduki ikitoka, naye atajikunja pale kwenye kiti chake kusubiri giza, na hakuna atakayemtoa.

Jumatano akaja mdogo wangu wa kiume. Alikuwa dereva wa kampuni moja ya watalii wawindaji, na msimu wao ulikuwa umefungwa. Alimwamkia shemeji yake, akaitikiwa marahaba isiyo na nguvu, akaniuliza kwa macho kuna nini. Nilimweleza jikoni. Mdogo wangu huyu hana adabu ya kusubiri. Alitoka moja kwa moja akasema, "Shemeji, kabla hujaipeleka, naomba niione."

Walihakikisha haina risasi, wakatoa bolti, kile chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma, na mdogo wangu akaelekeza mtutu kwenye anga akachungulia kwa nyuma. Alichungulia muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, na mimi nikatamani kumzaba kofi.

"Shemeji, unaisafisha na nini?"

"Mafuta ya kondoo. Kila wiki."

"Sasa huku ndani kuna ukoko."

Alienda kwenye gari akarudi na kopo refu lenye mrija mwembamba mdomoni. Mume wangu alilitazama akakunja uso. "Hili si lile povu la wazungu la kunyolea ndevu? Bunduki yangu haina ndevu." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la utani tangu mahindi yatoe ndevu zake, nikacheka kupita kiasi.

Mdogo wangu alitaka kitambaa cheupe kabisa, cha pamba. Ndani hamkuwa na kitu cheupe cha pamba isipokuwa gagulo langu la kwenda kanisani. Nililitoa sandukuni, nikalichana vipande mbele ya mume wangu ili aone jinsi jambo lilivyokuwa zito. Kwanza mdogo wangu alifuta mafuta yote. Kisha akalaza bunduki juu ya meza, mdomo umeinama kidogo, akaingiza mrija kwa nyuma na kubonyeza. Povu likajaa mtutu, likachungulia kwenye mdomo jeupe kama la maziwa yanayokamuliwa kwa nguvu. Lilikuwa na harufu ya zizi asubuhi.

Tukasubiri, tukanywa chai. Tuliporudi, povu lililokuwa limedondokea kwenye gazeti lilikuwa bluu. Bluu kabisa, kama mrututu tuliokuwa tukiwekewa kwenye vidonda shuleni.

Mume wangu alirudi nyuma hatua nzima. "Imeoza!" akasema. "Imeoza ndani kwa ndani, na mimi napaka mafuta juu!"

"Haijaoza, shemeji. Hiyo ni shaba, povu likiila linageuka bluu." Mdogo wangu alichukua risasi moja akamwonyesha lile koti lake jekundu la shaba. Akaeleza kwamba kila risasi ikipita inajikwangua, inaacha shaba kidogo kwenye mifereji ya mtutu, na mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi iende nyoofu. Ikijaa shaba, risasi inatoka imelewa. "Mafuta hayali shaba. Wewe ulikuwa unapaka sufuria mafuta juu ya ukoko."

Nilikuwa nimekwangua ukoko wa ugali maisha yangu yote, kwa hiyo mimi nilielewa kabla ya mume wangu. Nikamnyang'anya mdogo wangu ule ufito. Nilisukuma kipande cha gagulo, kikatoka bluu. Tukajaza povu tena, tukasubiri, nikasukuma, kikatoka bluu. Mdogo wangu alinikataza brashi ya shaba, akasema povu lingeila brashi yenyewe na kutudanganya. Tukaendelea hivyo mpaka mbuzi wakarudi. Bluu ikawa bluu ya anga, ikawa kama maji ya mtu aliyefua nguo moja, na mwisho kitambaa kikatoka kilivyoingia. Nilikiinua juu nikapiga vigelegele peke yangu uani. Jirani akachungulia kwenye ua wa minyaa kuuliza nani kaolewa.

Lakini mume wangu hakupiga makofi. Alikuwa amekaa mikono katikati ya magoti. Nilijua anachowaza: kama bado nitakosa, basi hakuna tena cha kulaumu.

Kesho yake tuliteremka korongoni watatu, baada ya kumpa taarifa mwenyekiti. Mdogo wangu aliegemeza debe bovu kwenye ukuta wa udongo, mbali kiasi kwamba mimi nililiona kama kikopo. Mume wangu alilala kifudifudi, akalenga, akaacha, akafuta macho, akalenga tena. Nikaziba masikio na kuomba, mimi niliyekuwa nikiombea bunduki itoke.

Ikalia. Debe likaruka, likabingirika hadi kwenye mchanga. Mdogo wangu akakimbia akaliinua, na tukauona mwanga ukipita katikati yake.

Mume wangu hakunyanyuka. Nilimfuata, nikamkuta amelaza shavu kwenye nyasi, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Nikakaa chini karibu naye, nikamwambia ainuke, Ijumaa atakwenda Katesh kulipia kibali.

"Mama," akasema, akinitazama kutoka pale chini, "nilikuwa nimeshaanza kukukariri. Kila jioni ukiwasha taa. Nikasema nikipofuka, angalau sura yako niwe nayo."

Nilifungua kanga kichwani, nikamgeuzia uso wote.