Saa Yangu ya Safari na Sumaku ya Baba Mkwe

Siku niliyokwenda na mjomba wangu kuomba mchumba, baba wa binti tulimkuta sebuleni kwake amesimama juu ya stuli, mkono mmoja umeshika saa ya ukutani, mwingine umeshika kitambaa.

Alipotuona, nusura aanguke.

"Nafuta vumbi," alisema, kabla hatujamuuliza chochote.

Ndugu zangu, mimi sikushtuka. Nilidhani mzee ni mtu wa usafi. Nilikuja kujua baadaye alikuwa anafanya nini kule juu, na ningejua siku ile nisingethubutu hata kukaa.

Ngoja nianze mwanzo, maana wengi mmekuwa mkiniuliza kwenye kundi letu la wapenda saa: "Ile saa yako kubwa ya titani, unaionaje? Tununue au tuache?"

Nitajibu. Ila jibu langu limepitia ukweni, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi nauza tiketi za ndege. Nakaa nyuma ya dirisha la kioo, nasafirisha watu pande zote za dunia, wakati mwenyewe sijawahi kukanyaga hata ngazi ya ndege. Mchumba wangu ni muuguzi. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, baba akamlea peke yake.

Baba mwenyewe ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Mtaani wanamwita Mzee Mizani, kwa sababu haamini kitu mpaka akipime. Ukimwambia leo kuna joto, atakuuliza umepima na nini.

Mara ya kwanza kwenda kujitambulisha, aliniambia nifike saa kumi alasiri. Mchumba alikuwa zamu hospitali, nikaenda peke yangu. Njiani simu ikazima chaji.

Nikabisha hodi. Mzee akafungua. Nikatoa shikamoo yangu nzito, ile ya kuinama mpaka mgongo unalia.

Hakuitikia. Alinyoosha kidole ukutani.

"Soma pale."

Nikasoma. Inakaribia saa kumi na moja.

"Mzee, samahani sana, simu ilizima, nikawa sijui..."

"Kijana, wamekuja watatu kabla yako. Wote walichelewa, wote walikuwa na sababu. Mmoja alisingizia mvua, na nje vumbi linatimka. Mwingine akanibishia kwa simu yake, nikamwambia akaoe hiyo simu."

"Mzee, nipe nafasi nyingine."

"Mtu asiyeheshimu saa hawezi kumheshimu mwanangu. Nenda."

Niliondoka pale nimenywea kama shati lililosahaulika kwenye beseni. Nilimpenda yule binti kiasi cha kukosa usingizi, na sasa namkosa kwa sababu ya chaji!

Ndipo nikaapa: nanunua saa. Si saa ya betri, maana betri ndizo zilizonifikisha pale. Nataka mashine yenyewe, inayojijaza kwa mwendo wa mkono wangu.

Nikachukua akiba yote niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya pikipiki. Nikanunua saa kubwa ya titani, otomatiki, ya safari.

Haya, tathmini yenyewe ndiyo hii.

Ni kubwa. Mchumba alipoiona alishika kiuno akasema, "Mpenzi, umenunua saa au sahani?" Mkono wa shati haupiti juu yake, lazima ufungue kifungo. Milango yote ya ofisini kwetu imeshaonja makali yake.

Lakini nyepesi! Ukubwa wote ule, ukiivaa unasahau kama umevaa. Haiwashi ngozi, na gizani inawaka vizuri. Ubaya wa titani inachubuka upesi, na ukiivua ukaiacha mezani siku mbili tatu inakufa, mpaka uitikisetikise.

Halafu ina mshale wa nne, mwekundu, wa kuonyesha saa za nchi nyingine. Mteja akija kununua tiketi, nakunja mkono wa shati taratibu, nakohoa kidogo, namwambia kule unakokwenda sasa hivi ni saa fulani. Wengi hawajaniuliza. Nawaambia hivyo hivyo.

Jumamosi moja nikaivaa, nikaenda kumwona mzee uwanjani kwake, katikati ya marundo ya mabati na injini zilizokufa.

"Mzee, nimekuja kuomba tena. Na safari hii nina saa."

Akanitazama usoni, akatazama mkono. Akanyoosha kiganja.

"Lete."

Mzee Mizani ana sumaku nzito aliyoitoa kwenye spika ya muziki. Kila chuma kinachoingia pale lazima kisalimiane nayo kwanza. Akaipitisha juu ya saa yangu, akaipitisha chini, akaisugua nayo ubavuni.

"Haishiki," akasema.

"Haiwezi kushika, mzee. Hiyo ni titani."

Akaitupia kwenye mizani. Mshale wa mizani ulisogea kidogo sana, kama mtu aliyeitwa kazini Jumapili.

"Kubwa hivi, uzito huu? Kijana, umeuziwa sufuria."

"Mzee, hiyo ndiyo wanayotengenezea ndege!"

"Umewahi kupanda ndege?"

"Bado."

"Basi."

Wafanyakazi wake wakacheka mpaka wakaacha kazi. Nikala za uso, nikatulia. Mara akaingia mteja na mzigo wa betri chakavu za magari. Mzee akaibwaga saa yangu mezani juu ya ile sumaku, akaenda kubishana na mteja. Wakabishana weee, huku saa yangu imelala pale pale, na mimi naogopa kuichukua nisije nikaonekana sina subira.

Aliporudi akanirudishia.

"Kesho, saa kumi alasiri, nyumbani. Njoo na mkubwa wako. Ukifika kwa wakati, na binti akikukubali, mimi sina neno. Ukichelewa hata dakika moja, tusijuane tena maishani."

Usiku ule nililala na saa mkononi.

Kesho yake, nikiwa nimeshavaa suti, nikaangalia saa. Mama yangu! Muda umekwenda! Nikakimbia kumfuata mjomba, ambaye ndiye msemaji wangu. Nikamkuta kwa kinyozi, ndevu zimenyolewa upande mmoja, upande wa pili bado msitu.

"Mjomba, inuka, tumechelewa!"

"Tumechelewa nini, mpwa wangu? Simu yangu inasema bado sana."

"Simu hizo zinadanganywa na minara. Hii ni mashine."

Kinyozi akaingilia. "Kaka, hata hiyo saa yangu ukutani inasema bado."

"Ya betri hiyo!" nikamfokea. Nikamng'oa mjomba kitini na taulo shingoni.

Njia nzima mjomba analalamika, kashika lile shavu lenye ndevu. "Yaani nakwenda kuongea na wazee wa watu nikiwa nusu kijana nusu babu!" Macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa dakika tu.

Mchumba ndiye aliyefungua mlango. Nywele zimesukwa nusu, kitana kimebaki kichwani.

"Jamani! Mbona mapema hivi? Hata chai sijabandika!"

Nikajua ananitania, maana ndivyo alivyo. Nikampita, nikaingia sebuleni, na hapo ndipo tulipomkuta mzee juu ya stuli anafuta vumbi.

Nikatazama ile saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika mbili.

Nikatazama ya kwangu. Saa kumi kasoro dakika mbili.

Sijawahi kuona raha kama ile. Nikanyoosha mkono hewani, shati limekunjwa, titani inang'aa.

"Mzee, shikamoo. Tumefika."

Mzee alitazama saa ya ukutani. Akatazama yangu. Akarudi kwenye ya ukutani. Akashuka kwenye stuli polepole, akakaa, akajifuta jasho kwa kile kitambaa cha vumbi mpaka paji la uso likawa na michirizi.

"Haiwezekani," akanong'ona.

"Nini, mzee?"

"Hakuna. Karibuni."

Mjomba akatoa simu yake mfukoni. "Lakini mzee mwenzangu, naomba nikiri, huyu kijana amenihimiza mno, maana kwenye simu yangu bado..."

"Weka simu!" mzee akafoka. "Nyumba hii inafuata saa ile pale!"

Mjomba wangu, pamoja na ndevu zake za upande mmoja, akili anazo. Akarudisha simu mfukoni, akakohoa.

"Basi kwa saa yako mwenyewe, tumefika kabla ya wakati."

Mzee aliitazama tena saa yake ya ukutani. Mwishowe akamwita binti yake.

"Mama, unamtaka huyu?"

"Namtaka, baba."

Akatazama dari. "Haya," akasema. "Nilitoa neno langu."

Siku zilizofuata nikaanza kuona mambo. Nafunga dirisha la tiketi, bosi ananiuliza naelekea wapi wakati watu bado wako foleni. Nakwenda kanisani, nakuta mfagiaji peke yake. Mashine yangu imekuwa na mbio za mwizi.

Nikaipeleka kwa fundi saa. Fundi akachukua dira ndogo, akaisogeza karibu na saa. Sindano ya dira ikacheza kama imeona nyoka.

"Saa yako imeingiwa na sumaku," akasema. "Ikiingia hivi ndani, saa inakimbia sana. Uliiweka wapi?"

Akaipitisha kwenye kimashine chake mara moja, mara mbili, ikapona. Mimi ndiye niliyeugua.

Maana nilipiga hesabu pale pale kwenye benchi lake. Kama saa yangu ilikuwa inakimbia, basi siku ile tulifika kwa mzee karibu saa nzima mapema. Kinyozi alikuwa sahihi. Mjomba alikuwa sahihi. Mchumba wangu hakuwa anatania.

Sasa saa ya ukutani ilikubaliana na yangu kwa nini?

Nikaikumbuka ile stuli, na kile kitambaa.

Ningeweza kunyamaza. Harusi ilikuwa imekaribia, na mtu mwenye akili hafukui shimo alilokwisha kulivuka. Lakini kila nikifikiria kumwita yule mzee baba, moyo unakataa. Nikaenda uwanjani.

"Mzee," nikasema, "sumaku yako iliiharibu saa yangu. Jumapili ile tulifika mapema sana. Ila saa yako ilisema ni wakati wake."

Mzee Mizani akasimamisha kazi. Akawafukuza wafanyakazi kwa mkono. Nikasema hapa ndoa imekwisha.

"Kaa," akasema. Nikakaa juu ya injini.

"Mama yake alipoondoka, nilibaki na huyu mtoto tu. Akawa mkubwa. Wakaanza kuja." Akavuta pumzi. "Kila anayekuja, nasogeza mshale mbele. Mtu akiingia anajua amechelewa, anaingia akiomba radhi. Anayeomba radhi hawezi kuomba kitu kingine. Hata vyuma nanunua hivyo hivyo. Kwanza unamwambia mwenye mzigo kwamba mzigo una kutu."

"Na siku ile?"

"Siku ile nilisogeza tena! Nimetoka tu kuusogeza, sijashuka kwenye stuli, na wewe huyo mlangoni, kwa dakika ile ile! Nilidhani marehemu mke wangu amekutuma. Sikulala siku mbili." Akaiokota sumaku, akaitazama kwa chuki. "Kumbe ni hii! Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Nikamshika bega.

"Mzee, kama unataka kulirudisha neno lako..."

"Saa ilikuwa ya uongo, neno halikuwa la uongo," akasema, akijifuta. "Ila usimwambie mwanangu."

Tukaoana. Na mimi siri ukinipa nakaa nayo kidogo tu, halafu tumbo linajaa. Jioni moja, mke wangu anapiga pasi sare yake ya kazi, nikamweleza yote: saa, sumaku, stuli, wale wachumba watatu.

Hakuinua hata macho.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Naishi nyumba ile tangu nizaliwe, nisijue saa ya kwetu? Wale watatu sikuwataka, nikamwacha baba afanye kazi yake. Jumapili ile nilipanga akienda kuvaa nipande stuli niurudishe mshale nyuma. Mkaniwahi."

Nikakaa chini.

"Na siku ya kwanza, nilipofukuzwa kama mbwa? Ungeweza kunionya!"

Akageuza sare, akanyoosha ukosi.

"Siku ya kwanza nilitaka kuona kama utarudi."

Basi ndugu zangu mlioniuliza, saa ni nzuri, nunueni, iwekeni mbali na sumaku. Lakini mkichukua kitu kimoja kwangu, chukueni hiki: siku utakayoambiwa umechelewa, kazini, ukweni au popote, kabla hujaomba radhi uliza kwanza umechelewa kwa saa ya nani. Na hata ukifukuzwa, rudi. Huenda kuna mtu yuko ndani anasubiri kuona kama utarudi.