Bodi Iliyotoka Kinyume

Mtaani walimwita Mdogo, ingawa kichwa chake kilikuwa cheupe pe. Jina lilitokana na kaka yake, Mkubwa. Hao wawili walikuwa chanda na pete. Walitengeneza redio na vikuza sauti katika chumba cha nyuma nyumbani kwa Mkubwa, kwenye meza moja: Mdogo akichora, Mkubwa akifanya yote yanayofuata baada ya kuchora.

Mkubwa alipofariki, kazi yao ya mwisho ilibaki nusu. Ilikuwa kifaa cha kupokea muziki wa kompyuta, ambao ndani yake ni namba tupu, na kuugeuza uwe sauti ya kuingia kwenye spika. Vya dukani vilikuwepo tele, lakini wao walitaka chao, mpaka bodi yenyewe waitengeneze kwa mikono.

Mjane wa Mkubwa hakuwa na maneno mengi, ila yakitoka yalitoka na miba. Alimwambia shemeji yake waziwazi kwamba chumba anakitaka, awaweke wajukuu. Hamfukuzi, alisema, lakini amechoka kumwona mtu mzima akishinda kutwa nzima na kiti kitupu. Wakabishana, wakakubaliana: kifaa kikiimba, Mdogo abaki na chumba. Kisipoimba, alete ufunguo.

Basi akachora. Kuchora hakukumshinda kamwe. Njia za shaba alizipitisha moja moja, fupi pale sauti inapopita, na upande wa namba akautenga na upande wa sauti kama mama mwenye nyumba anavyotenga mawifi wasiopatana. Katikati akaacha nafasi ya chipu, kidude kidogo chenye miguu pande mbili kama jongoo. Mara mbili tatu alinyoosha mkono bila kutazama, apewe rula, na mkono ukarudi mtupu.

Akachapisha mchoro kwenye karatasi ya kung'aa, akaazima pasi ya shemeji yake na kuubandika wino kwa joto juu ya bamba la shaba. Kisha akalilaza bamba ndani ya beseni lenye dawa inayokula shaba yote isiyofunikwa na wino, akawa analitikisa polepole kama anayembembeleza mtoto.

Lilipotoka na kusuguliwa, lilimetameta. Hapo ndipo alipotazama pembeni, mahali alipoandika KUSHOTO, na neno halikusomeka. Lilikaa kama linavyokaa neno kwenye kioo. Bodi nzima ilikuwa imetoka kinyume.

Akakaa chini. Hata anayejifunza kazi wiki ya kwanza huambiwa kwamba mchoro wa kupigwa pasi huchapishwa umegeuzwa, ili ukibandikwa ukae sawa. Lakini Mdogo hakuwahi kujifunza kwa mtu mwingine. Maisha yake yote alichora kama alivyoona, akamkabidhi kaka yake karatasi, na bodi zikarudi sawa. Mkubwa ndiye aliyegeuza. Hakusema hata siku moja kwamba anageuza, wala Mdogo hakuuliza. Alidhani ndivyo bodi zilivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema, lakini nani aliyewahi kukitazama kile cha pili?

Shemeji yake akaingia kudai pasi, kwa kuwa nguo zake, alisema, zimekunjamana kuliko uso wa fundi. Akaona sura ya Mdogo, akaiacha pasi.

"Imeharibika?"

Mdogo angeweza kusema ndiyo na kumpa ufunguo, mambo yakaisha.

"Imegeuka," akasema. "Kumbe kaka ndiye alikuwa akinigeuzia. Miaka yote."

Mjane akaegemea mlango. "Mlango wa uani nilijisifia haupigi kelele," akasema. "Sasa unalia kila nikiufungua. Kumbe alikuwa akiutia mafuta. Wala hakusema."

Wakacheka kidogo, kila mmoja akitazama kwake.

Mdogo akaichukua chipu, akailaza chali, tumbo juu, kama mende aliyekufa. Bodi imegeuka, basi na chipu igeuke, kila mguu uikute njia yake. Akaunganisha kila mguu kwa uzi mwembamba wa waya, shemeji yake akimshikia taa bila kuombwa. Vipande vilivyosalia akavichomelea, akawasha.

Kikaimba. Kiliimba safi hata pumzi ya mwimbaji ikasikika.

Mjane akasikiliza wimbo hadi mwisho, akachukua pasi yake.

"Ufunguo baki nao, shemeji," akasema. Nyayo zake zikaishia uani, na mlango ule ukalia.

Chumba kikawa chake peke yake. Akaanzisha wimbo tena. Mkubwa angesema besi haitoshi, yeye angesema inatosha, na wangebishana mpaka chakula kipoe. Mdogo akaongeza besi. Ikawa nyingi, lakini hakuipunguza.