Fimbo Ndefu kwa Bei Ileile

Sina subira na mtu anayekwenda kuvua ukingoni akiwa amebeba duka zima. Mvuvi wa ukingoni anarusha, anatembea, anahama. Anahitaji fimbo fupi isiyogombana na matawi nyuma yake, rili ndogo ya kuzungushia mshipi, na vyambo bandia vichache vinavyoenea mfukoni. Hayo nilijifunzia Guangzhou, mji ninaokwenda kununua nguo tangu mtoto wetu wa mwisho alipoanza shule. Jumapili baada ya ibada wafanyabiashara wenzangu wanalala au wanasukana nywele, mimi navua. Samaki wenyewe Wachina wanawaita luyu. Mdomo mpana, hasira za bure. Mtu wa Mwanza akimwona luyu atasema ni sangara aliyegoma kukua.

Safari hiyo nilikuja na mume wangu, mara yake ya kwanza. Duka lake la vipuri lilikuwa limekufa, na tangu hapo chakula, ada za watoto, hata vocha ya simu yake, vyote vilitoka kwenye marobota yangu. Sikuwahi kumwambia neno. Mimi huyu, ambaye mama mkwe anasema nimezaliwa na pilipili mdomoni, hilo nililimeza kila siku. Nilimleta ili tuwe washirika, aache kukaa barazani akihesabu magari ya watu.

Basi wiki nzima nikawa mwalimu. Usisimame hapo, mkokoteni utakugonga. Usishike kitambaa kama hununui. Usicheke, laoban akikuona unacheka bei inapanda. Laoban ndivyo tunavyowaita wenye maduka wote kule, bosi. Pale Shahe, soko la nguo za jumla, nilimfundisha kanuni moja akaipenda: bei ikiwa ileile, chukua ndefu. Suruali ndefu inakatwa, fupi haiungwi. Kanuni hiyo aliirudia njia nzima. Lakini mengine yote yalimchosha, na kufikia Ijumaa alikuwa ananijibu "sawa, mwalimu" bila kunitazama. Sauti yangu ilikuwa imeshakuwa ya feni, ipo tu.

Jumamosi mchana tukaingia duka la zana za uvuvi, uchochoroni nyuma ya vyumba vya kushonea vya mtaa wa Kangle. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na nilijua maji yatakuwa tope, kwa hiyo nikachagua minyoo ya mpira, myeusi yenye mkia wa buluu. Kwenye tope samaki haoni rangi, anaona kivuli. Nikachukua ndoana ambazo ncha yake unaifukia ndani ya mpira, zisinase magugu. Chubwi nyepesi, ili mnyoo uzame polepole kama kitu kinachokata roho. Na chura mmoja wa plastiki wa kuburuta juu ya majani. Nikamchagulia mume wangu fimbo fupi kama yangu.

"Hii ya mtoto," akasema.

Akawa ameona nyingine, imekunjwa, fupi kama mwavuli. Laoban akaivuta kipande baada ya kipande. Ikatoka mlangoni, ikavuka uchochoro, ikagusa ukuta wa ng'ambo. Nyeusi, nyepesi, ya nyuzi za kaboni, haina rili, mshipi unafungwa nchani. Bei? Ileile. Mume wangu akanigeukia akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tushuke kwenye ndege.

"Mwalimu, kanuni inasemaje?"

Laoban akamshika mkono. Akaonyesha fimbo, akaonyesha juu, akafanya zzzz kwa meno yake, akatikisa kichwa.

"Anasema usiiinue penye nyaya za umeme," nikamwambia. "Kaboni inapitisha."

"Anataka tununue ya ghali. Si wewe uliyenifundisha hawa watu?"

Ningeweza kugoma. Lakini tabasamu lile nilikuwa nimelitafuta muda mrefu, jamani. Nikafungua pochi, naye akaangalia pembeni kama kawaida yake ninapolipa.

Mabwawa ninayovulia yako mwisho wa treni, halafu basi, halafu miguu. Mfugaji wa samaki aliyekuwa nayo aliyaacha, luyu wakabaki wanazaliana. Juu ya bwawa la mwisho zinapita nyaya za umeme mkubwa, zimelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Chini yake pana kibao chenye picha: mtu na fimbo, na radi imemwingia kichwani. Hata asiyejua kusoma anakielewa. Jumapili ile wingu lilikuwa limeshuka, hewa nzito, nguo imekuganda mgongoni kabla hujafanya lolote. Na nyaya zilikuwa zinalia. Siku kavu huzisikii. Siku ile zililia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe.

Nikamkalisha bwawa la kwanza, mbali nazo. Nikarusha mnyoo mweusi kando ya magugu. Kimya. Nikafunga chura, nikamburuta juu ya majani. Kimya. Hata vyura wenyewe hawakulia. Ndipo kule bwawa la mwisho, bomba linapomwaga maji, luyu mkubwa akapasua maji mbele ya macho yetu. Mume wangu akainuka na fimbo yake.

"Kule hapana, baba. Nyaya."

"Sawa, mwalimu."

"Nimesema nyaya! Baba watoto, unanisikia?"

"Nimevua Ziwa Victoria kabla sijakujua wewe."

Akaenda. Akafika chini ya nyaya, akaivuta fimbo yote akiwa ameilaza kwenye majani, akafunga mnyoo wangu mmoja. Nikatupa vyangu nikakimbia. Tope likanivua kiatu. Nikapiga kelele nyaya, umeme, Yesu wangu, na yeye akanipungia mkono hivi, kama mtu anayefukuza nzi. Akaikamata fimbo kwa mikono miwili. Ncha ikaanza kuinuka.

Nilijua sitamfikia. Na nilijua onyo langu halimwingii tena. Nilikuwa nimemwonya wiki nzima mpaka maonyo yakaisha nguvu. Nikasimama, nikasema kwa sauti yote niliyojaliwa na Mungu:

"Mwanamume gani wewe, unalishwa na mkeo mpaka chumvi!"

Akageuka. Uso ule sijawahi kuuona, na naomba nisiuone tena. Akaisukumia fimbo mbali kwa hasira, akaanza kunijia na ngumi zimekunjwa. Fimbo haikulala mara moja. Kitako kilichoma tope, ncha ikayumba kuelekea juu, na kabla haijagusa waya, moto wa buluu ukaruka. Mlipuko ukatuangusha wote wawili. Nilipoinua kichwa, majani pale alipokuwa amesimama yalikuwa yanaungua, mabichi, na maji ya mvua juu yake. Fimbo ilikuwa imechanika nyuzi nyuzi kama mswaki wa mti.

Nikamkumbatia. Nililia, nikamtukana tena kwa mapenzi, nikamshukuru Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Akanishika mkono na hakuuachia njia nzima mpaka kwenye treni. Nilifurahi, nisidanganye. Nikawaza watu husema mdomo uliponza kichwa, na leo wangu umekiponya. Nikapanga jinsi nitakavyomtambia mama mkwe.

Tulipokaa nikamwambia, "Unajua nilisema vile ili uitupe fimbo tu."

"Najua," akasema. "Umeniokoa. Mungu akubariki."

Tukapita vituo kadhaa. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu, wa baridi. Kisha akaniuliza taratibu, bila hasira, na heri angekuwa na hasira:

"Lakini lile neno lilikuja haraka sana, mama. Ulikuwa nalo tangu lini?"

Treni ikatangaza kituo chetu. Nikamwambia tushuke.