Gurudumu la Mbele la Gari la Osoro

Abdimajid wa Kisii huwakagulia wanunuzi magari, na kazi hiyo imemwachia mapengo mdomoni. Ukimwomba aseme ukweli polepole, anakutukana!

Nilimleta hapa Nyamira akague gari alilokuwa akiliuza Osoro, maana nilitaka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, la kupanda milima yetu ya chai wakati wa mvua. Aliingia chini yake, akatoka, akatema mate.

“Mama, usinunue. Shafti ya mbele imeng’olewa. Magurudumu ya nyuma tu ndiyo yanavuta.”

Osoro akamtandika spana mdomoni. Alipoanguka, akamshindilia mateke ya mbavu. Nikamrukia Osoro, nikamng’ata sikio mpaka nikaonja damu.

“Mpeleke hospitali sasa hivi, mshenzi wewe!”

Tukampakia kwenye gari lile lile. Mlima wa kwanza tu, tukakwama. Osoro alikanyaga mafuta huku akilaani, magurudumu ya nyuma yakarusha tope hadi kwenye vioo.

Abdimajid akashusha kioo, damu ikimchuruzika kidevuni, akachungulia gurudumu la mbele. Lilikuwa limetulia kama jiwe.

“Osoro,” akasema, “spana bado unayo? Nipige tena, labda litazunguka.”