Nyota Katika Soli ya Clemensi

Clemensi alikuwa na kanuni moja tu ya biashara, na aliirithi bila kuichunguza: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka kumi na tisa aliketi katika kibanda chake jirani na uwanja wa mnada wa Karatu, akikata matairi chakavu ya malori na kushona viatu vya katambuga, na miaka yote hiyo hakumwita mpita njia hata mmoja. Aliyetaka alikuja. Asiyetaka alipita, na Clemensi alimhurumia.

Katambuga zake zilikuwa nzuri kweli, na shida ilianzia hapo. Mfugaji aliyenunua jozi kwake alirudi baada ya miaka mitano. Jirani yake, Modest, alishona za kukatika mikanda baada ya miezi mitatu, lakini alikuwa na kipaza sauti, na wateja wake walirudi kila msimu wakilalamika na kununua tena. Kisha mwenye kiwanja akatangaza kwamba anataka kujenga choo, hivyo kibanda kimoja kati ya viwili kitavunjwa. Kingesalia kile ambacho, kufikia mnada wa Agosti, kingekuwa na wateja wengi zaidi. Clemensi akishindwa, angerudi Endamarariek kulima mbaazi chini ya amri ya mdogo wake.

Mkewe, Blandina, ndiye aliyemwandikisha kwenye semina ya wajasiriamali katika ukumbi wa parokia. Siku ya kwanza mwalimu Brigita aliwafundisha mambo mawili: bidhaa iwe na alama yake, na ianze kuonekana kwa mtu ambaye wengine humtazama. Siku ya pili ilikuwa ya kumsikiliza mteja.

"Kesho usichelewe," Blandina alimwambia njiani.

"Kesho siendi. Nimewasikiliza wateja miaka kumi na tisa, mama. Wanasema 'punguza,' basi."

Semina ilikuwa ya bure, na chai ilitolewa. Hakwenda.

Alikwenda kibandani kuchonga. Katikati ya kila soli alikwangua duara, akaacha ndani yake nyota moja iliyotokeza. Aliyevaa, kila alipokanyaga vumbi, aliacha nyota. Clemensi alifurahi mno, kwa sababu aliona amefanya matangazo bila kuvunja kanuni. "Sipigi kelele," alimwambia mkewe. "Ardhi itanisemea."

Na aliwaza vizuri, kwa kiasi fulani. Kule Kakesio, walikotoka wateja wake karibu wote, mfugaji hutoka bomani akitazama chini. Kwa unyayo hujua ndama wa nani amepotea na mgeni gani amepita. Jozi ya kwanza Clemensi akampa bure Parmuat, mzee wa kanisa wa huko, mtu mrefu, mwenye heshima na miguu mikubwa, ambaye alitembea sana na kutazamwa na wote.

Wiki mbili hazikuisha, Kakesio nzima ilijua nyota ile ni ya Parmuat na ilitoka wapi. Kwenye mnada wa Juni wanaume ishirini na watatu walimjia Clemensi wakitaka za namna hiyo. Akawaahidi mnada wa Julai. Modest alizima kipaza sauti kwa muda ili asikie wanachosema.

Julai jozi ishirini na tatu zilining'inia tayari. Parmuat akafika na rafiki yake Mepukori. Miguuni alivaa katambuga za Modest, na mkanda mmoja umeshakatika.

"Karibu mzee," Clemensi alisema. "Zile za nyota zilikubana?"

Parmuat alitazama milima.

"Zilimbana," Mepukori alijibu, "ila si miguuni. Fundi, hujasikia habari ya punda?"

"Punda gani?"

"Punda wa mkewe, Nashipai. Alipotea. Mama wa watu akatoka kumfuatilia, mara akakuta nyota. Akasema, mbona mume wangu yuko kikao cha kanisa, na kanisa liko upande ule? Akamwacha punda, akafuata nyota. Zikamfikisha kwa Ngoitiko."

Ngoitiko alikuwa mpikaji wa pombe ya asali. Parmuat alikuwa ameapa mbele ya waumini kwamba ameiacha.

"Zilizokwenda zilinyooka sana," Mepukori aliendelea. "Zilizorudi sasa, hata punda hatembei hivyo."

"Inatosha, Mepukori," Parmuat alisema.

Kwa haki, nyota haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la miguu. Lakini wale ishirini na watatu walikuwa wamekusanyika nyuma, kila mmoja akiwaza njia zake.

"Fundi," mmoja alisema, "viatu ni vizuri. Ondoa nyota tununue."

Clemensi alichukua kisu, akaikwangua nyota ya jozi ya kwanza hadi ikaisha. Mepukori akavaa kimoja, akakanyaga vumbi, akainua mguu. Wote wakainama. Pale chini palikuwa na duara laini, safi, lisilofanana na unyayo wa mtu mwingine yeyote.

"Sasa ni mwezi," Mepukori alisema.

Wakaenda kwa Modest, ambaye soli zake hazikuwa na la kusema.

Alasiri Nashipai alikuja na wanawake wanane. Hawakuuliza bei mara mbili. "Nipe kubwa," mmoja alisema. "Wangu ana safari nyingi." Wakanunua jozi tisa, na Nashipai akasisitiza ya mumewe iwe na nyota mbili. Clemensi alidhani ameokoka. Hakuwauliza kama waume watazivaa, na kumbe hakuna aliyezivaa. Kufikia Agosti nyota hazikuonekana tena mahali popote Kakesio, na kwenye mnada wa mwezi huo alikuja mteja mmoja, mwanamke, kutafuta jozi ya shemeji yake.

Mwenye kiwanja alihesabu watu waliosimama kwenye kila kibanda. Cha Clemensi kikavunjwa wiki iliyofuata. Nyota ile ilimgharimu wateja wote wa Kakesio na kazi ya miaka kumi na tisa.