Muuza Hedifoni Aliyeuliza Jina la Mama

Cheka ukitaka, lakini ucheke nikishamaliza. Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu haya, mchana kweupe, jua la utosini, mjini Lindi, na aliyeharibikiwa nakaa naye nyumba moja mpaka leo ninapoandika. Mimi si msomi, niliishia darasa la nne, lakini jina la mtu likishaingia masikioni mwangu halitoki tena. Muulize yeyote wa Mchinga ya zamani. Majina nayakumbuka yote, ila katika kisa hiki yapo mawili ambayo sitayaandika, na ukifika mwisho hutaniuliza kwa nini.

Kwanza nikueleze jambo moja. Marehemu mume wangu, Maalimu Athumani, ndiye aliyekuwa akisoma talkini pale Mchinga. Maiti akishafukiwa, maalimu hukaa upande wa kichwa, akamwita kwa jina, akamfundisha majibu ya kuwapa malaika wa kaburini. Na hamwiti kwa jina la baba. Humwita kwa jina la mama: ewe fulani, mwana wa fulani. Sasa wanaume watajulia wapi majina ya mama za wenzao? Mtu kavua na mwenzake tangu ujana, hajui mama wa mwenzake aliitwa nani. Basi kila palipotokea msiba, kabla jeneza halijainuliwa, mtu alikuja mlangoni kwangu: "Hodi bibi, marehemu mama yake nani?" Nami nikamtajia. Selemani wa Fatuma Limbende. Hassani Mkali wa Biti Nassoro. Bi Zuhura wa Mwanashaha. Wote hao niliwatajia mimi. Kwa hiyo swali hilo naujua uzito wake. Kwetu huulizwa mtu akishakufa.

Maalimu alipoondoka duniani nilihamia Mitwero na mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu wa kuzaa, alifariki mtoto angali ananyonya. Huyu mtoto alipewa jina langu, ndiyo maana hatuitani bibi na mjukuu, tunaitana somo. Alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne, na safari hii aliapa kupasua. Lakini jirani yetu, Mzee Chitanda, akaleta mashine ya kukoboa mpunga, akaifunga ukutani kwetu. Ikiwashwa asubuhi, vikombe vinacheza kabatini. Somo anasoma mstari mmoja mpaka jua linapanda, haujamwingia. Nilimkuta siku moja kajifunga mto kichwani kwa kanga, analia.

Mwanangu Rajabu, aliyeko Mtwara, akapiga simu. "Mama, mnunulie hedifoni. Si zile za kuchomeka ndani, hizo zitamuumiza. Zile kubwa za kufunika sikio zima, hazina waya, zinaua kelele."

"Kelele inauawaje, Rajabu?"

"We nenda mjini, mama. Watakuelewesha."

Tukaenda. Dukani tulimkuta kijana mmoja, Ismaili, mwana wa Bi Rukia wa Mikumbi, kijana wa adabu. Alituamkia, akatutolea kiti, akazipanga mezani. Hizi nyepesi lakini chaji yake haikai. Hizi zinakaa na chaji ila mito yake ni ya ngozi bandia, kwa joto la Lindi masikio yatachemka. Hizi mito ya kitambaa, tena zinakunjika. Somo anazijaribu juu ya mtandio, anajitazama kwenye kioo cha simu.

"Umekuwa kama rubani," nikamwambia.

"Na wewe ndiye abiria, somo. Funga mkanda."

Ismaili akacheka, kisha akasema neno ambalo naomba ulishike. "Bibi, nisikudanganye. Hizi zinakula mvumo: mashine, feni, injini. Lakini mtu akikuita kwa karibu utamsikia, tena kuna kitufe cha kuruhusu sauti za nje. Hakuna hedifoni inayozima vyote. Atakayekwambia zake zinazima vyote, ni mwongo."

Hatujachagua, adhana ya adhuhuri ikalia. Ismaili akashusha pazia mlangoni. "Bibi, nawahi swala ya jamaa mara moja. Kaeni hapa barazani, nikirudi tunamaliza."

Mtaa ukawa mtupu. Wewe unaujua mchana wa Lindi, saa ile hata mbwa hawapiti. Pembeni ya duka palikuwa na uchochoro mwembamba, na katika uchochoro ule akawa amekaa mtu kwenye mkeka. Sikumwona akija. Kijana mtanashati, shati jeupe limenyooshwa, na jua lote lile usoni hana hata tone la jasho. Mbele yake hedifoni moja tu, nyeusi.

Nikangoja aniamkie. Akanitazama tu. Nikasema, "Kijana, kwenu wakubwa hawaamkiwi?"

Akajibu taratibu, kama anayemweleza mtoto, "Bibi, wewe ndiye ungeniamkia mimi."

Somo akaangua kicheko, akadhani ndio utani wa vijana wa Dar. Mimi sikucheka. Kuna mtu anakutania na kuna mtu anakwambia kweli, na sauti zake hazifanani.

"Mnatafuta za kuzima kelele," akasema. "Hizi zinazima vyote. Zivae wewe kwanza, bibi, mwenye shaka."

Kwa nini nilikubali? Nilitaka kumwumbua, basi. Nikajua nitamsikia tu, nami nimwambie, wewe ni mwongo mkubwa. Nikaziweka kichwani.

Niamini mimi. Sijawahi kukutana na kimya kile. Hata ukilala chumba kilichofungwa unasikia damu yako ikipita, unasikia pumzi yako. Mle hamkuwa na pumzi. Bahari haikuwepo, adhana haikuwepo, mimi mwenyewe sikuwepo. Kisha, kwa mbali sana, sauti ikaita jina langu. Ikalitaja, ikasita, kama mtu aliyesahau nusu ya neno na anangoja akumbushwe.

Ulimi wangu ulishajikunja kusema "abee". Si ndivyo tulivyolelewa? Mtoto wa kike akiitwa huitika, haulizi. Lakini mama yangu alinifundisha na jingine: usiyemwona akikuita, usimwitikie mpaka mara ya tatu, kwani wasio watu hawafiki tatu. Ikaita mara ya pili. Ikasita palepale. Jina langu, kisha pengo.

Na wakati huo huo namwona yule kijana mbele yangu anazungumza na somo wangu. Midomo yake inacheza. Ya somo inacheza, anatabasamu, uso umemng'aa. Mimi sisikii hata neno. Nimesimama hatua mbili kutoka kwa mtoto wangu, na ni kama niko chini ya udongo.

Nikazing'oa kichwani. "Mmesemezana nini?"

"Kaniuliza jina tu, somo."

Nikawa sitaki chochote ila kutoka pale. Nikazitupa mkekani, nikamshika mkono, nikaita bajaji iliyokuwa inapita. Hata Ismaili sikumngoja. Tulipofika nyumbani ndipo somo akafungua mkoba wake, akazitoa hedifoni zilezile nyeusi.

"Umezilipia na nini?"

"Sijalipa kitu. Kasema nishalipa." Akaniona nilivyokunja uso. "Somo, jamani, nijaribu leo tu. Kesho tutamrudishia mwenyewe."

Mashine ya Mzee Chitanda ilikuwa inanguruma. Akazivaa. Nikaona mabega yake yanashuka, paji la uso linakunjuka, mtoto anafungua kitabu na kugeuza kurasa moja baada ya nyingine, na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa nimemhurumia siku zote zile, nikamwacha nazo. Nikaenda jikoni kupara samaki.

Nikasikia, "Abee."

Nikatoka. "Unamwitika nani?"

Hakunisikia. Nikamgusa bega, akazivua. "Si wewe uliyeniita?"

"Sijakuita."

"Basi kuna mtu kaniita. Mwanamke. Simjui, lakini anaita vizuri. Ananiita kwa jina langu na la mama."

Kisu kikaniponyoka. "Na la mama? La mama kalijulia wapi?"

Akainamisha macho. "Yule kaka aliniuliza. Aliniuliza, mama yako nani? Somo, tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za mama. Shuleni wanauliza baba, ofisini wanauliza baba. Nikafurahi kulitamka."

Ningemgombeza vipi? Mtoto wa kike hendi makaburini, talkini hajawahi kuisikia. Angejuaje kwamba ametoa ile nusu iliyokuwa inatafutwa? Jina letu ni moja, mimi na yeye. Kilichokosekana mle ndani ni jina la mama tu.

"Umeitika mara ngapi?"

"Kila aliponiita, somo. Ningeacha kumwitika mkubwa?"

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa Ismaili. Akaniambia uchochoro ule hauna mtu, mwisho wake ni ukuta wa choo, hakuna aliyewahi kuuza kitu pale. Akazishika hedifoni, akazigeuza, akazigeuza tena. Nikamwona anazirudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Bibi, hizi mnazichaji wapi?"

"Sijui, baba."

"Hazina tundu la chaji. Hazina kitufe. Ndani hamna spika, tazama, ni mito mitupu." Akafuta mikono kwenye suruali. "Bibi, naomba uziondoe dukani kwangu."

Nilizichoma mwenyewe nyuma ya nyumba kwa mafuta ya taa. Zilitoa harufu ya udongo mbichi, ule wa kaburi jipya. Nikadhani yamekwisha. Niliporudi ndani nikamwita, "Somo!" Hakugeuka. Nikapiga makofi nyuma ya kisogo chake. Hakugeuka. Mashine ya Mzee Chitanda ikawashwa, ukuta ukatetemeka, na mtoto akaniuliza kwa sauti ya juu, kama mtu aliye ng'ambo ya mto, "Leo hawakoboi?"

Hospitali walimpima, wakasema masikio yake ni mazima. Mashehe wamemsomea. Mtihani hakuufanya. Tukawa tunaongea kwa mikono na kwa kuandikiana, na mimi na mwandiko wangu huu.

Mpaka siku ile alipovuka barabara kwenda dukani kwa Mama Chausiku. Mimi niko mlangoni. Lori la mchanga linateremka, dereva anapiga honi mpaka watu wametoka majumbani, na somo wangu yuko katikati ya lami anafunga vizuri mtandio wake. Nilimwita. Nilimwita jina lake, nikamwita somo, nikamwita mama, nikapiga ukelele wa msiba. Hakuna. Na miguu yangu hii isingefika.

Ndipo mdomo wangu ukafanya kitu ambacho akili yangu isingekubali. Nikavuta sauti ya Maalimu Athumani, ile niliyoisikia miaka yote nikiwa nimekaa na wanawake nyuma ya ua wa makaburi. Nikasema, ewe fulani, binti fulani. Jina lake, na la binti yangu niliyemzika.

Akageuka palepale. "Abee." Akanijia mbio. Lori likapita nyuma ya kisigino chake, likaondoka na ndara.

Tangu siku hiyo hakuna njia nyingine. Chakula kikiiva, namwita kama maiti. Nikitaka anisaidie kukosha vyombo, namwita kama maiti. Majirani wakiniona wanaingiza watoto ndani. Mzee Chitanda kaja kuniomba, "Bi mkubwa, kwa Mungu, usimfanyie hivyo mtoto aliye hai." Nikamwambia, mwite wewe basi. Akajaribu. Mtoto hakugeuka, naye akarudi kwake.

Na silo hilo linaloninyima usingizi. Ninapomwita, siku hizi, haitiki upesi. Huinamisha kichwa kwanza, kama mtu aliyeitwa kutoka pande mbili na anapima aende wapi. Na mara nyingine niko kimya kabisa, mikono imo kwenye unga, namsikia chumbani anasema, "Abee. Naja."

Mimi ni mzee. Siku nitakayonyamaza, atabaki mwitaji mmoja.

Basi wewe unayekwenda kumnunulia mtoto wako vitu hivi, chukua zinazoruhusu sauti ya nje, tazama tundu la chaji liko wapi, na akikwambia zinazima vyote, inuka uende zako. Na mtu yeyote asiyekujua, awe kavaa shati jeupe namna gani, akikuuliza mama yako nani, usimtajie. Muulize kwanza: kwani amekufa nani?